Mnyamwezi Birikani

Kuna watu wakikutukana, mshukuru Mungu; wakikufanyia adabu, funga mizigo. Bi Mwanamkuu wa Kiongoroni alikuwa mmoja wao. Aliyempenda alimwita majina yote, ya kichwani mpaka ya kisiginoni, na mwenyewe akarudi kesho yake kutafuta jingine. Asiyempenda alimwita "mgeni". Huyo alimtandikia mkeka mpya, akampakulia mnofu huku yeye akifyonza kichwa cha samaki, na wakati wa kuondoka akamsindikiza mpaka botini kwa maneno laini kama halua ya moto. Mama mmoja wa Mahege alikuwa na binti aliyetajwatajwa kuolewa na Ashrafu, mjukuu wa Bi Mwanamkuu. Alikwenda kujuana, akakirimiwa kama mke wa sultani, akarudi kwao na furushi la kamba wakavu. Kamba waliliwa wakaisha. Neno la ndoa hata leo liko njiani.

Sasa zamu ilikuwa ya Faraja.

"Mama," Subira alimwambia asubuhi ile ya Ijumaa, Kibiti, huku akimbania mtandio kwa pini, "Bibi akikutania, tumepona. Akikuita mgeni mpaka unapanda boti ya kurudi, basi tena. Ashrafu haoi bila ridhaa yake. Ndiye aliyemlea tangu mama yake afariki."

"Na nikianza kumtania mimi?"

"Mama! Usithubutu. Leo tu, nakuomba, funga mdomo."

Kumwambia Faraja afunge mdomo ni sawa na kumwambia jogoo aangalie saa kwanza. Alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, mshonaji wa sare za shule, mwanamke ambaye dunia ilimpiga kofi la kulia na la kushoto, naye akajifunza kucheka katikati ya makofi. Yeye ni Mkristo, wa kanisa lile la kuzamishana kwenye maji mengi. Marehemu mumewe alikuwa Mwislamu, na watoto wakafuata dini ya baba. Nyumba yao ilisherehekea Idi, ikasherehekea Krismasi, na hakuna aliyewahi kulalamika kwamba pilau zimezidi.

Isipokuwa mama mkwe. Yule bibi hakuwahi kumtaja Faraja kwa jina. Mpaka anaingia kaburini alimwita "yule wa kanisani", na mikono iliyomnywesha uji siku zake za mwisho ilikuwa ya huyo huyo wa kanisani. Faraja hakubaki na kinyongo. Alibaki na hofu tu: kwamba lile jina limepanda basi pamoja naye, limeshuka naye Kibiti, na sasa litamwangukia binti yake, muuguzi wa watu, mtoto aliyesomeshwa kwa cherehani ya miguu. Baba mdogo wa Subira, ambaye ndiye walii wa kumwozesha, alishakubali kule Tabora. Lililobaki ni neno la Bi Mwanamkuu, na Bi Mwanamkuu alituma salamu fupi: "Mama wa binti aje kwanza auone msikiti wetu."

Msikiti wenyewe una sifa yake huko delta. Ni wa mawe na chokaa, wa zamani kiasi kwamba kila anayetaja umri wake hutaja umri mwingine. Watu wa mambo ya kale hufika na kamera zao, wazungu hufika na kofia zao. Mgeni mmoja aliwahi kukalia mimbari ili apigwe picha akicheka, na tangu siku hiyo Mshamu, mwadhini, huwatazama wageni kama paka anavyomtazama mtu mwenye ndoo ya maji.

Kwa hiyo Faraja alijiandaa. Jirani yake wa Tabora, Mashavu, alimpa mafunzo sebuleni. Mlango wa chumbani ulifanywa mlango wa msikiti na kapeti likawa jamvi. "Viatu unavua nje. Mguu wa kulia kwanza. Sauti chini. Hupiti mbele ya mtu anayeswali. Picha unaomba ruhusa. Na kabla hujaingia utaona mahali pa maji. Hapo unaosha miguu." Wakarudia na kurudia mpaka mume wa Mashavu akauliza kama anaruhusiwa kwenda kulala, au naye avue viatu kwanza. Mashavu hata alimnunulia baibui. Lilikuwa refu kwa mtu na nusu.

Kwenye gati la Nyamisati alimkuta Muzdalifa, mdogo wake Ashrafu, ametumwa kumpokea. Muzdalifa alikuwa ameishi Mbagala na akarudi na maneno ya huko.

"Mama, umewaka! Baibui limetulia kinoma. Sema tu linafagia."

Faraja alilijibu lile moyoni, jibu zuri sana, akalimeza. "Asante, mwanangu," akasema kwa sauti ya mtu anayesoma risala.

"Mbona mpole hivyo? Subira alisema mama yake ni moto."

"Subira anatia chumvi."

Boti ikawapitisha katikati ya mikoko, mashine ikinguruma, na Faraja akakaa amejikunja kama nguo iliyopigwa pasi. Kila jambo alilotaka kulisema alilikalia. Walipokaribia, maji yalikuwa yanatoka kwa kasi. Boti ikagusa tope mbali na nchi kavu. Wakavua viatu, wakashuka, wakatembea. Tope la mikoko halimjui mama mkwe wala mwali: lilimmeza Faraja mpaka kwenye vigimbi vya miguu, likamwachilia kwa sauti ya aibu.

Bi Mwanamkuu alikuwa anamsubiri ukingoni. Mwembamba, mkavu, kanga ya pili begani, macho makali kama ya ndege mla samaki.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mgeni. Karibu, mgeni. Pole na safari, mgeni."

Mara tatu katika pumzi moja! Faraja alihisi kila moja inamwangukia kama nazi.

"Tungeanzia nyumbani unywe maji," Bi Mwanamkuu akaendelea kwa ule upole wa kutisha, "lakini wanaume watakuja kwa ajili ya Ijumaa, na mgeni inafaa auone msikiti ukiwa na nafasi. Miguu utaosha huko huko. Tafadhali pita."

Wakapanda njia, Faraja pekupeku, makubazi mkononi, ameinua ncha ya baibui kwa vidole viwili. Mbuzi walikuwa wamelala pale njiani, wengine bado wamelala. Bi Mwanamkuu alimwonyesha kwa adabu mnazi, akamwonyesha kwa adabu jiwe. Akamuuliza kama jua si kali mno kwa mgeni. Nyuma yao Muzdalifa alinyamaza kabisa, na Muzdalifa kunyamaza ilikuwa dalili mbaya kama redio kuzimika wakati wa taarifa ya habari.

Msikiti ukatokea mbele yao. Haukuwa mkubwa. Ulikuwa mfupi, mnene, umekaa chini kama mtu aliyeamua hahami, kuta zake zimeungua kwa chumvi na miaka, na juu yake bati jipya lililokaa kama kofia ya kuazima. Mfereji ulitoka kwenye bati ukashuka kwenye birika la kale ubavuni mwa ukuta, maana kisima cha kijiji kiliingiwa na chumvi zamani. Mvua za vuli mwaka huo zilikuja kama mtu anayepita tu kusalimia, na masika yalikuwa bado. Maji yaliyobaki ndani ya birika ndiyo yaliyotegemewa na watu wa Ijumaa kwa udhu. Bahari nayo ndiyo hiyo, imekwenda zake, imeacha tope.

Mshamu mwadhini alikuwa anafagia mlangoni. Bi Mwanamkuu akageuka kumsalimia. Muzdalifa akainamia simu yake.

"Maji hayo, mgeni," Bi Mwanamkuu alisema akionyesha kwa kidevu. "Osha miguu."

Faraja akaweka makubazi pembeni, akayapanga yatazame njia. Akatazama. Ukingoni mwa birika palikuwa na kata, kifuu cha nazi chenye mpini mrefu, na chini palikuwa na mawe ya mviringo yaliyopachikwa sakafuni. Hayo hakuyatilia maanani. Alichokiona ni ngazi. Ngazi nyembamba za mawe, zinashuka taratibu ndani ya maji, ubavuni mwa nyumba ya Mungu. Na hilo jamani alilijua! Kanisani kwao Tabora palikuwa na kisima cha kubatizia chenye ngazi kama zile zile. Alishuka humo akiwa msichana, akashuka tena kumsindikiza dada yake. Ngazi zinazoingia majini mahali patakatifu hazina maana mbili.

Mguu wa kulia kwanza. Alikumbuka. Akashuka kwa utulivu na unyenyekevu wote aliokuwa nao, na kwa kuwa Mshamu alikuwa upande ule, akaliacha baibui lishuke lisitiri miguu. Maji yalikuwa baridi, matamu, na tope la mikoko likatoka miguuni mwake kama wingu jeusi. Akajisikia vizuri kwa mara ya kwanza tangu alfajiri. Akainua uso ili Bi Mwanamkuu aone jinsi mgeni alivyofundishwa.

Ufagio ulikuwa umeanguka. Mshamu alikuwa ameshika kichwa.

"Yallah! Mama, toka! Toka humo! Hayo maji ya udhu! Unateka kwa kata, unasimama hapo kwenye mawe, unajimwagia! Nani kakwambia uingie?"

Faraja hakutoka. Alisimama katikati ya birika la watu, kwenye maji ya watu, siku ya Ijumaa ya watu, amevaa baibui lililoanza kuelea pembeni kama mwavuli uliogeuka. Alichokiona mbele ya macho yake hakikuwa Mshamu. Alimwona Subira, Kibiti, akisubiri simu.

"Mgeni hakujua," alisema Bi Mwanamkuu. Sauti yake ilikuwa laini kuliko halua. Hapo Faraja akajua amekwisha.

Kelele zilimtoa Maalim Sadala, imamu, nyumba ya pili. Alikuja akiwa na bisibisi mkononi, maana siku za kazi hutengeneza mashine za boti, na hata siku ya Ijumaa mashine humfuata. Alimtazama Faraja, akatazama maji, akakuna ndevu.

"Mama, toka taratibu, ngazi zina utelezi. Hakuna aliyekufa. Mshamu, punguza sauti, hii siyo adhana."

Faraja akatoka, akasimama juu ya yale mawe ya mviringo aliyopaswa kuyasimamia tangu mwanzo, maji yakimchuruzika. "Nisameheni," alisema. "Jamani nisameheni sana. Kwetu kanisani..." Akaishia hapo. Neno lenyewe lilikuwa limemtoka, kanisani, mbele ya wote, kama kijiko kilichoanguka msibani.

"Ni kumwaga yote," Mshamu akasema. "Na watu watatia udhu kwa nini? Kwa mate?"

"Mwili wa binadamu ni twahara, Mshamu, awe wa kanisani awe wa wapi. Na tope ni tope tu."

"Tope sawa. Lakini kapita njia ile pekupeku, nimemwona. Ile njia mbuzi wamelala usiku kucha na wanaacha vitu vyao. Hiyo ni najisi, Maalim, umetufundisha wewe mwenyewe."

Maalim Sadala akayatazama tena maji. Hapo palikuwa na hoja.

"Yakiwa yamefika kullateni," alisema hatimaye, na kwa kuwa Faraja alikuwa anamtazama kwa macho ya mshitakiwa, akamgeukia na kumweleza: "Ni kipimo, mama. Maji yakikifikia, uchafu kidogo hauyaharibu mpaka yageuke rangi, au harufu, au ladha. Yasipokifikia, yamekwisha. Siku nyingine birika hili lina maji ya kuogesha ng'ombe. Leo sijui."

"Hayafiki," Mshamu akasema.

"Tutapima. Lakini wewe Mshamu, badala ya kumpigia mama wa watu kelele, ungeuliza: mbuzi wa nani wale?"

Mshamu aliokota ufagio wake akautazama kama ndiyo kwanza auone. Muzdalifa akageukia ukuta. Hakuna mtu Kiongoroni asiyejua mbuzi wale ni wa nani, wanalala wapi, na nani amekatazwa kuwasema.

Na Faraja, aliyekuwa ameukalia mdomo wake asubuhi nzima, aliyemeza majibu ya Nyamisati na ya botini na ya njiani, mwenye hofu, mwenye baridi, aliyeshakata tamaa, alimtazama Bi Mwanamkuu, akaona yale macho makali yanakwepa kuelekea minazini. Likamtoka lenyewe.

"Kumbe mbuzi wako, Bibi, ndio waliokunya, halafu kesi nimepewa mimi!"

Muzdalifa alitoa sauti kama ya mtu aliyepaliwa na mfupa.

Bi Mwanamkuu akageuka polepole. Alimtazama Faraja kuanzia mtandio uliopinda mpaka miguu inayodondosha maji, kana kwamba ndiyo kwanza boti imfikishe.

"Wasemaje?"

Mtu akiisha kulowa haogopi mvua. "Nasema faini tugawane. Mimi nimeleta miguu tu. Mzigo ni wa kwako."

"Subira aliniambia kwao ni Tabora," Bi Mwanamkuu akasema, akimwambia Maalim Sadala, akimwambia Mshamu, akiwaambia mbuzi. "Hakuniambia kwamba ni *Mnyamwezi*. Mie nimekaa hapa nakusanya adabu yangu yote, nasema huyu mama ni mtu wa dini nyingine, mstaarabu, ananyamaza kama picha, nisije nikamkwaza. Asubuhi nzima taya linaniuma! Kumbe ni mtani wangu, mbeba pembe huyu! Babu zako walitembea mpaka pwani na meno ya tembo kichwani, wakaoga baharini kama watu. Wewe umekuja na boti, umeikosa bahari, umeona birika!"

Faraja hakucheka. Hakuthubutu. Alihisi tu kitu kifuani, kama kifungo cha nguo inayobana kilichofunguka kimoja.

"Haya, pimeni," Bi Mwanamkuu akaamuru. "Watu wanakuja."

Mshamu akapima urefu na upana ukingoni kwa dhiraa, kiwiko mpaka ncha ya kidole, akiusogeza mkono kama kiwavi. Maalim Sadala akamkatalia. "Mkono wako huo ni wa kukwelea minazi, mrefu kama kasia. Kipimo ni mkono wa mtu wa wastani." Wakatazamana. Maalim alikuwa mfupi na alijijua. Macho yote yakaenda kwa Bi Mwanamkuu, naye akakunja kanga begani, akapima kwa mkono wake mkavu, akinung'unika kwamba tangu lini wanawake wakapima mabirika katika kijiji chenye wanaume.

Kina ndicho kikaleta shida. Mshamu alikataa kutia mkono kwenye maji yenye shaka, na fimbo iliyokuwepo ilikuwa ya kuswagia mbuzi, ambayo haikufaa hata kutajwa.

"Kipimo kiko hapo," Maalim alisema, akitazama mbali kwa heshima. "Baibui la mama. Limelowa mpaka pale maji yalipofika, na alisimama chini kabisa. Lakini mimi siwezi kupima mguu wa mama wa watu."

Basi Bi Mwanamkuu, aliyekataa kwa upole watu waliokuja na zawadi, akachuchumaa mbele ya Faraja juu ya mawe ya kuoshea miguu. Akaweka kiwiko chini kando ya kisigino, akaunyoosha mkono kando ya ule mstari wa maji uliokuwa wazi juu ya kitambaa cheusi. Vidole vyake vilikuwa vyepesi.

"Mguu gani huu?" Bi Mwanamkuu akauliza kutoka kule chini. "Nguzo ya msikiti? Mnakula nini huko kwenu, panya au tembo?"

"Tunakula asali, Bibi. Panya tunawawekea wageni wetu wa pwani."

"Simama wima, usicheke, unanipotezea kipimo!"

Maalim Sadala akachora mchangani kwa bisibisi. Akazidisha, akafuta, akazidisha tena. Mshamu aliinama begani kwake kuhakikisha hakuna huruma iliyoingia kwenye hesabu. Mbali, kwenye njia, sauti za wanaume zilianza kusikika. Faraja alikuwa anaomba kimoyomoyo, kwa namna yake, kwa Mungu yule yule, kwamba mvua za vuli ziwe zilifanya kazi yao japo kidogo.

"Yamefika," Maalim akasema.

"Yamefika kweli?" Mshamu akauliza.

"Yamefika na yamepita. Hesabu hiyo hapo, ifute ukiweza." Akachukua kata, akateka upande ambao tope lilikuwa limetua, akatazama rangi, akanusa, akaonja. Watu wote wakatazama koo lake. "Ladha ya bati," akasema. "Kama siku zote. Alhamdulillahi. Mshamu, nenda kaadhini."

Mshamu aliinua ufagio, akamtazama Faraja, na uso wake ukalegea kama kamba iliyofunguliwa. "Yule aliyekalia mimbari," alisema, "hakuomba hata msamaha." Akaenda zake.

Faraja akakaa ukingoni.

"Inuka," Bi Mwanamkuu akamwambia. "Hujauona msikiti bado. Umeona birika tu, tena kwa ndani. Ingia kabla hawajajaa."

Akaingia kwa mlango wa pembeni wa wanawake. Mguu wa kulia kwanza. Ndani palikuwa na ubaridi wa mtungi, na mwanga mdogo uliokaa chini kwa adabu. Nguzo nene zilisimama katikati kama wazee walioona kila kitu na wakaamua kutosema. Kwenye kibla, juu ya upinde wa mihrabu, palipachikwa bakuli la kigeni la rangi ya samawati, limepasuka ufa mmoja, bado linang'aa. Faraja alisimama, hakuuliza kitu. Pale ndipo alipogundua kwamba mafunzo yote ya Mashavu hayakuhitajika: mahali penyewe palimfundisha mtu namna ya kusimama.

Bi Mwanamkuu alimvuta mkono mpaka ukutani. Kwenye chokaa, usawa wa kiuno, palikuwa na alama za viganja. Vidole vidogo, vya kike, vilivyobonyea wakati chokaa ni mbichi.

"Wanaume walikata mawe," alinong'ona. "Chokaa walibeba wanawake. Walichoma matumbawe kwa magogo ya mikoko, wakapondaponda, wakabeba. Huyu mmoja akachoka, akaegemea. Sie tunasema ni bibi yake bibi yangu. Huenda si yeye. Lakini tumesema sana, sasa ni yeye."

"Naruhusiwa kugusa?"

"Gusa."

Faraja hakukiweka kiganja chake juu ya kile kingine. Alikiweka pembeni yake, kwenye chokaa tupu, baridi, ngumu. Mikono ya cherehani kando ya mikono ya chokaa. Bi Mwanamkuu aliona hilo.

"Zile ngazi," alisema, "unajua ni za nini?"

"Najua si za kushukia."

"Ni za kushukia! Kichwa maji wewe. Anashuka mwenye ufagio. Kila nikaha inapofungwa hapa, birika hukaushwa, likasuguliwa, lisubiri mvua likiwa safi. Na wanaosugua ni wanawake wa upande wa mwali. Ndiyo desturi. Wewe umewahi tu. Umekuja kabla ya siku, peke yako, bila ufagio."

Maneno yalichukua muda kumfikia Faraja, kama mtu anayepanda njia yenye tope. "Kwa hiyo, Bibi..."

"Kwa hiyo nini? Wanyamwezi mpaka mchorewe mchangani? Maji haya yataisha kabla ya masika. Yakiisha, njoo na wenzako. Na huyo aliyekufundisha nusu ya somo mlete, tumpe ufagio mkubwa."

Faraja akajifunika mdomo kwa mtandio. Kilichotoka hakikuwa kicheko kamili wala kilio kamili, na kwa kuwa msikitini sauti huwa chini, alikitoa chote bila sauti, mabega yakitikisika, huku Bi Mwanamkuu akimpigapiga mgongoni na kumwambia kwa unong'ono wa ukali kwamba akilowesha na ukuta, huo hauna kullateni.

Aliondoka siku hiyo hiyo, bahari ilipojaa tena. Hapakuwa na mnofu: alipewa kichwa cha samaki akifyonze, kwenye mkeka wa zamani uliotoboka. Furushi la kamba wakavu nalo halikuwepo. Mpaka botini Bi Mwanamkuu alimsindikiza akilisema baibui lake, na boti ilipoondoka bado alikuwa ukingoni anapiga kelele kwamba njiani kuna maji mengi, asishuke.

Mtandao ulishika walipoipita mikoko. Subira alipokea kabla simu haijaita vizuri. Alikuwa zamu, nyuma yake watoto wakilia.

"Mama! Imekuwaje? Kasemaje?"

Faraja alimtazama Muzdalifa aliyetumwa tena kumvusha, sasa ameinamia magoti yake kwa kucheka. Akajitia huzuni sauti.

"Mwanangu, sijui nikwambieje. Kanitukana."

"Kakutukana?"

"Mbele za watu. Kaniita mbeba pembe. Kaniita kichwa maji. Kasema mguu wangu ni nguzo ya msikiti. Mpaka sasa nipo kwenye boti bado ananitukana, upepo tu ndio umemzuia."

Halafu huko Kibiti, katikati ya zahanati, kikapasuka kigelegele kirefu hata mtoto aliyekuwa analilia sindano akanyamaza, akatazama juu.